Mkoma wa Turkana na Sheria ya Ekwar

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara huitumia methali hii kwa maana ya duka na fedha. Lakini iko mali nyingine duniani ambayo haikuwekwa dukani wala haikupandwa shambani, nayo pia hupotea bila habari. Mali hiyo ni miti iliyoota yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mti uliopandwa una mwenyewe, na mti uliojiotea hauna mwenyewe. Historia ya nchi ya Turkana yatuonyesha kwamba dhana hiyo si kweli, tena kwamba imewaletea wenyeji hasara kubwa. Insha hii itasimulia habari za mti mmoja, yaani mkoma, na za sheria ya kale iliyoulinda mti huo na wenziwe kando ya mito.

Turkana ni nchi iliyo kaskazini magharibi ya Kenya. Upande wa magharibi imepakana na milima ya Uganda, na upande wa mashariki imepakana na ziwa kubwa ambalo wazungu waliliita Rudolf, na ambalo tangu mwaka 1975 laitwa Ziwa Turkana. Ni nchi ya jua kali, upepo mwingi na mawe meusi. Wastani wa mvua ya Lodwar hauzidi sana milimita 200 kwa mwaka. Mji wa Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Mtu asafiriye huko kwa mara ya kwanza huona mchanga na vichaka vya miiba, akasema moyoni kwamba hapa hapana kitu.

Lakini nchi hiyo ina mito. Mto mkubwa kupita yote ya ndani ni Turkwel. Hutoka katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako waitwa Suam, ukashuka katika bonde la joto, ukapita Lodwar, na mwisho ukamwaga maji yake ziwani. Upande wa kaskazini upo mto Tarach, ambao hupita Kakuma. Tarach ni mto wa msimu: kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mtupu, kisha siku moja mvua ikinyesha milimani huja kwa ghafula na kwa kishindo. Hata hivyo, maji hayaondoki yote. Hubaki chini ya mchanga, na wenyeji huchimba visima ndani ya mto wenyewe wakayapata. Miti nayo hufanya vivyo hivyo kwa mizizi yake. Ndiyo sababu kando ya mito hii hupita ukanda wa kijani katikati ya nchi kavu, mahali pengine mpana, mahali pengine mwembamba kama mshipi. Maisha ya watu wa jangwa hili, yaani Waturkana, yamefungwa na ukanda huo.

Katika ukanda wa Turkwel mti mmoja huonekana kwa mbali kuliko mingine. Watu wa pwani huuita mkoma, na wengine mkoche. Waturkana huuita eng'ol. Na wataalamu wa mimea huuita Hyphaene compressa. Ni ndugu wa mnazi na mtende, lakini una tabia ambayo ndugu zake wengi hawana. Mnazi husimama kwa shina moja mpaka kileleni. Shina la mkoma hugawanyika panda mbili, na kila panda hugawanyika tena, hata mti ukawa na vichwa vingi vya majani yaliyokunjuka kama vipepeo. Tena mikoma ni mume na mke. Mti mume hutoa maua bila matunda, na mti mke ndio uzaao.

Tunda lake, koma, ni la rangi ya hudhurungi, lenye ganda la kung'aa. Chini ya ganda mna nyama kavu yenye nyuzi na utamu wa sukari guru. Ndani yake mna kokwa, na ndani ya kokwa mna kiini. Koma likiwa changa, kiini huwa maji na utepe mlaini unaolika kama dafu. Likikomaa, kiini huwa kigumu kama pembe ya ndovu. Tunda la namna hii lilithaminiwa tangu kale. Wamisri wa zamani walilijua tunda la ndugu wa mkoma aotaye katika bonde la Nile, na waliwazika wafalme wao pamoja nalo. Lilipatikana hata katika kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa mwaka 1922. Kitu kilichowekwa akiba ya mfalme kwa safari ya ahera hakikuwa kitu duni.

Waturkana ni wafugaji. Chakula chao cha asili ni maziwa, damu na nyama ya ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Lakini mfugaji wa nchi kavu ajua kwamba maziwa yana msimu. Mvua ikikosekana majani hukauka, na majani yakikauka viwele hukauka pia. Hapo ndipo akina mama na watoto huenda mtoni kutafuta matunda. Mkoma haungoji mvua ya mwaka huu, kwa kuwa hunywa maji ya chini ya ardhi; kwa hiyo huweza kuzaa wakati ambapo uwanda wote umeungua. Nyama ya koma hutafunwa ilivyo, au hutwangwa ikawa unga. Mti huu si peke yake katika kazi hiyo. Upo edung, ambao matunda yake huchemshwa mara nyingi na kumwagwa maji ili uchungu utoke; na upo edapal, ambao mbegu zake pia zataka kupikwa kwa muda mrefu, nao husifiwa kuwa huzaa hata katika ukame. Ipo na migunga, iitwayo ewoi, ambayo makaka yake huanguka wakati wa kiangazi yakawa chakula cha mbuzi. Miti hii yote kwa pamoja ilikuwa ghala ya watu wasiokuwa na ghala.

Wala mkoma haukuwa chakula tu. Majani yake yaliezeka nyumba ya usiku, na kuweka kivuli cha kupumzikia mchana. Shina lake lilitoa nguzo ambazo mchwa hazitaki kwa urahisi. Katika ziwa, Waelmolo na wavuvi wengine walifunga magogo ya mkoma pamoja wakapata chelezo za kuvulia. Leo katika Lodwar msafiri huwaona wanawake wakisuka vikapu, mikeka na kofia kwa majani hayo, na fedha wanazopata hununua unga na kulipa karo za shule.

Ili tufahamu jinsi matunda ya mwituni yalivyo na heshima kwa Waturkana, yatupasa tusikilize masimulizi ya asili yao. Wazee husimulia kwamba hapo kale babu zao walikuwa pamoja na Wajie, kabila ambalo hata sasa hukaa Karamoja katika Uganda. Siku moja ng'ombe dume mmoja alipotea, akashuka kutoka milimani kuelekea mashariki. Vijana wa Kijie wakafuata nyayo zake hata wakafika katika bonde la mto Tarach, nchi ambayo hawakuijua. Humo walimkuta mwanamke mzee aitwaye Nayece, naye alikuwa akichuma matunda ya mwituni. Kumbe alikuwa mtu wa kwao. Akawapa matunda, akawaonyesha wema wa nchi ile. Vijana waliporudi nyumbani waliwaeleza wenzao, na wengine wakashuka na mifugo yao kulisha bondeni. Siku zilivyopita walikawia huko, na mwisho wakawa taifa mbalimbali. Wanahistoria hukadiria kwamba utengano huo ulitokea yapata miaka mia tatu iliyopita, na kilima kiitwacho kwa jina la Nayece kingali kinatajwa na kuheshimiwa.

Msomaji na aangalie jambo moja katika masimulizi haya. Mataifa mengi hutaja asili yao kwa vita au kwa mfalme. Waturkana hutaja ng'ombe aliyepotea na mwanamke aliyechuma matunda. Ng'ombe ndiye aliyeonyesha njia, lakini tunda ndilo lililothibitisha kwamba nchi yafaa kukaliwa. Bonde la Tarach linalotajwa humo ndilo bonde ambamo Kakuma imejengwa.

Basi, watu ambao uhai wao ulitegemea miti kwa kadiri hii hawakuweza kuiacha bila sheria. Sheria yao huitwa ekwar. Ekwar ni sehemu ya ukingo wa mto pamoja na miti iliyomo, ambayo familia moja ina haki ya kuitumia. Mipaka yake haikuchorwa kwa karatasi. Ilijulikana kwa mti mkubwa, kwa korongo, au kwa kipindo cha mto. Haki hiyo ilirithiwa na wana kutoka kwa baba yao, au ilipatikana kwa mtu kukaa na kuitunza sehemu hiyo muda mrefu mpaka majirani na wazee wakamkubali. Mwenye ekwar akiiacha kabisa kwa miaka mingi, haki yake iliweza kufifia. Kwa hiyo haikuwa haki ya kukalia bure. Ilikuwa haki ya mtumiaji aliye mtunzaji.

Sheria hii ilipimwa kwa busara. Wakati wa mvua, majani yanapoota kila mahali, hapakuwa na haja ya kuzuiana. Mifugo ilikwenda mbali uwandani, na ekwar zilipumzika. Kiangazi kilipoingia, makaka ya mgunga na makoma yalikuwa ya mwenye ekwar, na mgeni aliyeyataka alipaswa kuomba. Kuokota kuni kavu hakukuwa neno, lakini kuukata mti mbichi uzaao kulikuwa kosa, na mkosaji aliweza kutozwa mnyama. Mashauri ya namna hii yaliamuliwa na wazee chini ya mti wa baraza. Kwa upande mwingine, mwenye ekwar hakuweza kuwazuia watu na mifugo wasifike majini. Na katika mwaka wa njaa kuu ilikuwa aibu kumnyima jirani aliyeomba. Mbali na mto, ambako miti ni michache na imetawanyika, sheria hii ililegea. Penye thamani kubwa palikuwa na sheria kali, na penye thamani ndogo palikuwa na uhuru.

Hapana shaka sheria hii ilikuwa na kasoro zake. Familia yenye ekwar nzuri ilikuwa na raha kuliko familia isiyokuwa nayo, na mtu asiye na ukoo karibu na mto alitegemea hisani ya wengine. Hata hivyo, ilifanya kazi ambayo serikali nyingi zenye maofisi na askari zimeshindwa kuifanya: iliuacha ukanda wa miti ukidumu kizazi baada ya kizazi katikati ya jangwa. Kwa muda mrefu wageni hawakuutambua ukweli huu. Mwaka 1990 mtaalamu wa misitu, Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana, alichapisha utafiti wake juu ya ekwar katika Turkana ya kati, akaonyesha kwamba miti iliyodhaniwa haina wenyewe ilikuwa na wenyewe wanaojulikana.

Sasa tutazame ilikuwaje hata ukweli huo usionekane. Waingereza walipoitawala Kenya, walitunga Sheria ya Ardhi ya Serikali mwaka 1915, ambayo iliifanya ardhi ya wenyeji kuwa ardhi ya mfalme wao. Katika daftari la utawala, ukingo wa Turkwel haukuwa na jina la familia yoyote. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, ardhi ya namna hii iliitwa ardhi ya udhamini, na ikawekwa mikononi mwa baraza la wilaya kwa niaba ya wenyeji. Jambo hilo lilikuwa afadhali, lakini daftari lilikuwa bado tupu. Mtu akitaka kujenga, kulima au kukata, aliweza kupata ruhusa ofisini bila ya kumwuliza mzee ambaye babu yake aliitunza mikoma ile.

Hata jina la Kakuma limepatwa na kosa la namna hiyo. Wageni wengi wameandika katika magazeti na vitabu kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwapo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ajua kwamba neno hilo halina maana hiyo katika lugha yetu. Lakini kosa hilo latufundisha kitu. Aliyekwisha kuamini kwamba nchi fulani ni tupu, hulitafutia hata jina lake maana ya utupu.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kati ya mwaka 1979 na 1981 ukame na maradhi ya mifugo viliwaangamizia Waturkana wanyama wao kwa wingi. Wakati huo huitwa Lopiar, kwa maana kwamba ulifagia kila kitu. Maelfu ya watu waliobaki mikono mitupu walikusanyika penye vituo vya chakula, na wengi hawakurudi tena katika uhamaji. Lodwar, ambayo watu wa nje walikuwa wakiijua hasa kwa kuwa Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini huko kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, ilianza kukua kuwa mji. Mji wataka nguzo, kuni na makaa. Mtu aliyefilisika mifugo hana cha kuuza ila nguvu zake na miti iliyo karibu. Hatuwezi kumlaumu kwa wepesi. Lakini shoka lake liliingia katika ekwar ambazo wenyewe walikuwa kambini wakingoja mgao.

Katika miaka hiyo hiyo serikali na wafadhili walileta mti mgeni kutoka Amerika ili ufunike udongo na kutoa kuni. Kenya nzima huuita mathenge, na Waturkana huuita etirae. Mti huu ulifaulu kupita matazamio. Mbuzi hula makaka yake na kuzitapanya mbegu zake, nao huota kwa haraka na kufunga vichaka vya miiba visivyopitika. Ukanda wa mto, ambao ndio wenye maji, ndio alioupenda zaidi, akabanana na miti ya asili mahali pake penyewe. Mti huo hutoa kuni na makaa, na hayo ni manufaa ya kweli. Lakini hautoi koma, wala mwenye ekwar hakuulizwa kama autaka.

Kisha kuanzia mwaka 1986 hadi 1991 bwawa refu lilijengwa katika korongo la Turkwel, mbali juu ya Lodwar, ili kutoa umeme. Ukuta wake una kimo cha mita 153. Umeme ni neema kwa nchi, lakini miti ya bondeni ilikuwa imezoea mafuriko. Mafuriko ndiyo yaliyoeneza matope na kulowesha ukingo ili miche michanga ipate kushika mizizi. Mti mzee waweza kuishi kwa maji ya chini, mche hauwezi. Hivyo msitu waweza kuonekana mzima machoni, kumbe hauna watoto.

Upande wa Tarach, mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma. Wa kwanza walikuwa vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye wakaja watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na nchi nyingine. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa karibu yake, idadi yao imepita watu 200,000. Kwa miaka mingi kuni zilizogawiwa hazikutosheleza majiko yote, na Waturkana wa karibu wakapata biashara ya kuni na makaa. Mkimbizi alimpa mwenyeji sehemu ya unga wa mgao wake, na mwenyeji akampa mkimbizi mzigo wa kuni. Wote wawili walikuwa na haja, na wote wawili walipata nafuu ya siku. Deni lao lililipwa na mti.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya Turkana peke yake. Sivyo. Ng'ambo ya bahari, katika Queensland huko Australia, uko mti wa jamii ya misonobari uitwao bunya, ambao historia yake yafanana sana na ya mkoma. Tunda lake laweza kufika uzito wa kilo 10, nalo lina njugu nyingi ndani yake. Mavuno makubwa hutokea kila miaka mitatu hivi. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo walikuwa wakialikana kutoka mbali, wakasahau vita, wakala njugu pamoja, wakaamua mashauri na kuozeshana. Tena miti hiyo, ingawa ilijiotea, ilikuwa na wenyewe: kila familia ilijua miti yake, na mtoto aliirithi kutoka kwa baba.

Mwaka 1842 gavana George Gipps alitoa amri ya kuwakataza walowezi wasikae wala wasikate miti katika nchi ya bunya, kwa sababu njugu hizo zilikuwa chakula cha wenyeji. Ilikuwa amri njema. Lakini iliutaja mti bila kuwaandika wenye mti kuwa na haki yao wenyewe. Kwa hiyo ilikuwa hisani ya mtawala, na hisani huondolewa na yule aliyeitoa. Mwaka 1860, Queensland ilipokwisha kuwa koloni mbali, amri hiyo ilifutwa, na wapasua mbao wakaingia milimani. Baadaye, mwaka 1908, Milima ya Bunya ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Miti mingi ikapona, lakini wageni waalikwa wa karamu walikuwa wamekwisha kutawanywa. Mti ulisalia, na sheria ya mti ikawa imekufa.

Funzo la bunya lawahusu Waturkana wakati huu hasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliweka njia ya kuiandikisha kwa majina ya jamii zenyewe. Kwa mara ya kwanza daftari limefunguliwa. Lakini daftari laweza kuandikwa vizuri au vibaya. Likiandika kwamba ukingo wote ni wa jamii, bila kutaja haki ya familia katika ekwar, basi mtunzaji hatakuwa na sauti ya kumzuia mkataji, na mali ya wote itakuwa mali ya mwenye shoka. Likiandika kwamba kipande hiki ni cha fulani peke yake, kama shamba la mjini, basi jirani atafungiwa njia ya kwenda majini, na yule aliyezoea kuomba makoma katika mwaka wa njaa atakuta ua na kufuli. Ekwar haikuwa hii wala ile. Ilikuwa haki ya familia ndani ya haki ya jamii, yenye kukaza wakati wa kiangazi na kulegea wakati wa mvua. Kuiandika sheria ya namna hii ni kazi ngumu, lakini si kazi isiyowezekana, maadamu wazee wanaoikumbuka wangali hai.

Kazi hiyo yataka watu wa aina mbili wakae pamoja. Mzee ajua mpaka wa ekwar, ni mti gani uliozaa katika mwaka wa njaa, na ni nani aliyetozwa mbuzi kwa kuukata. Kijana aliyesoma ajua kuandika, kuchora ramani na kuisoma sheria ya nchi. Mzee peke yake hataonekana ofisini. Kijana peke yake ataandika asilolijua. Msusi wa vikapu naye asisahauliwe, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kwamba ukikata kila mara kuti changa ambalo halijafunuka, mti hudhoofu, na kwamba ukikata kwa kiasi na kuupumzisha, mti hukupa tena. Elimu yake haikutoka kitabuni, lakini yastahili kuingia kitabuni.

Kila mwanafunzi asomaye habari hizi, awe wa Lodwar au wa Lamu, wa Kakuma au wa Kigoma, ana miti ya namna hii karibu na kwao: mbuyu, mkwaju, mzambarau, mfune, au mkoma wenyewe. Na aulize nyumbani ni nani aliyekuwa na haki ya kuchuma, ni nani aliyeombwa ruhusa, na kosa la kuukata lilitozwa nini. Majibu atakayoyapata ni sheria za babu zake, na nyingi hazijaandikwa mahali popote. Ayaandike pamoja na jina la mti, jina la mahali, na jina la mzee aliyemweleza.